Kimya Kilichotununulia Maji

Mawese safi hayasemi asubuhi. Ukiinua jerikeni kabla jua halijaushinda ukungu wa mlimani, mafuta yameganda ndani kama uji uliosahauliwa, na ukitikisa, unayetikisika ni wewe. Ukisikia maji yakichezacheza chini, mtu amekuuzia mto. Hilo halihitaji shule. Kila mwanamke aliyewahi kununua mawese Mpondwe analijua, kama anavyojua kwamba muuzaji anayeapa kwa jina la mama yake ameshapandisha bei.

Nalisema mapema ili baadaye mtu asidhani tulikuwa wageni wa biashara. Tulikuwa wenyeji. Ndiyo maana inauma.

Tulikuwa kikundi cha wanawake. Siku za soko tulikutana Bwera asubuhi, tukashuka pamoja hadi mpakani Mpondwe, tukanunua mawese kwa Wakongomani waliovuka nayo kutoka upande wa Beni, tukayapakia lori mpaka Kasese. Kule tulikuwa na mteja mmoja, mwanamke aliyepika sabuni nyuma ya nyumba yake kwa mapipa na jiko la kuni. Alichukua yote. Neno hilo, yote, huwezi kulionja vizuri kama hujawahi kuuza mawese kwa kikombe kando ya barabara. Mimi niliuza hivyo miaka. Kikombe kwa huyu, kijiko kwa yule, vumbi bure kwa wote. Mteja anasimama, anauliza bei, anaondoka, anarudi, ananunua kijiko, anaomba nyongeza. Na jua la Kasese halina saa ya mapumziko. Mwenye sabuni ndiye aliyenitoa huko. Kama angetuacha, wenzangu walikuwa na kahawa zao mlimani za kurudia. Mimi nilikuwa na kikombe. Sikukitupa, kilining'inia kwenye msumari nyumbani, kikinitazama kama mkwe anayengoja uharibikiwe.

Kwa hiyo sikuwa mtu wa kutulia. Mpaka leo sijui kukaa kwenye kiti hadi kipate joto. Nahesabu kila kitu mara mbili, kwanza kwa macho, kisha kwa kidole, na nikimaliza nafikiria ya tatu.

Mwenyekiti wetu wa kwanza alikuwa mama wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, aliyevuka mpaka na wanawe wakati wa vita na akabaki. Tulimwita mama mukubwa, kwa umri na kwa umbo pia. Aliamini kwamba Mungu hakumpa mtu mdomo kwa ajili ya kula tu. Kila mmoja aseme. Tukienda kununua, tunamzunguka muuzaji kama waombolezaji, na mama mukubwa anafungua.

"Papa, hii bei iko ya nini? Siye tuko batoto yako."

Kabla papa, yaani muuzaji, hajajibu, mwingine anadakia kwamba bei ya wiki jana ilikuwa nafuu, wa tatu anasema wiki jana alikuwa mgonjwa hakuja, wa nne anaeleza ugonjwa wenyewe, na wa tano, hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa unaanguka kila mara, wa tano anasema, "Mimi hata nikiongeza kidogo si kitu, lori lisiniache."

Muuzaji ana masikio mawili kama wewe na mimi, lakini ana la tatu ambalo linasikia sentensi kama hiyo tu.

Mikutano nayo ilikuwa hivyo hivyo. Mkutano wa kuamua kama tukodi stoo Kasese ulianza mahindi yakiwa mabichi, ukaisha yameshaingia ghalani. Tulikubaliana sote, kwa upendo, bila kinyongo. Tulipofika kwa mwenye stoo, ilikuwa imejaa mbao za mtu mwingine, ambaye hakuwa na kikundi cha kumshauri.

Lakini nimtendee haki. Wakati wake hatukuwahi kununua jerikeni mbaya. Isingewezekana. Mdomo uliokosa la kusema juu ya bei ulisema juu ya kifuniko, juu ya rangi, juu ya harufu, juu ya tabia ya mke wa muuzaji. Tulilipa ghali, lakini tulilipia mafuta.

Mwenyekiti wa pili alijiunga kama mwanachama wa kawaida. Mume wake alikuwa mwanajeshi, wakikaa kambini na familia nyingine kutoka kila pembe ya nchi. Yeye alikuwa wa kaskazini, mrefu, na Kiswahili alikijifunza kambini, kwa hiyo kilikuwa kile cha amri. Hata akikusalimu unajikuta umesimama wima. Alikaa nasi safari chache akitazama jinsi tunavyonunua. Siku moja, papa akiwa ametugawa vipande vitatu na kila kipande kina bei yake, akasema:

"Nyinyi nanunua mafuta ama nafanya harusi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa kikundi kile kukosa jibu.

"Soko ingine, mtu moja naongea. Ingine yote funga mdomo. Hakuna kukohoa. Hakuna kuangalia mwenzako. Kwisha." Akatupitia na macho kama anakagua gwaride, akaishia kwangu. "Wewe. Wewe iko na sura ya kutoamini mtu."

Sijawahi kupewa sifa nzuri kuliko hiyo.

Soko lililofuata nikasimama mbele ya papa, yeye begani kwangu, na wenzetu nyuma kwenye mstari, kimya. Papa alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kofia ya sufu hata joto likizidi, na kelele zetu ndizo zilizokuwa mizani yake. Akataja bei. Mimi nikaangalia jerikeni. Akaitaja tena, kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu kina cha maji kwa mguu.

"Bamama beko bagonjwa?" akaniuliza, akichungulia nyuma yangu.

"Hapana, papa. Wanafikiri."

"Banafikiri nini?"

"Bei yako."

Akavua kofia, akaivaa. Mtu aliyezoea kelele ukimpa kimya, anaanza kukijaza mwenyewe, na anakijaza kwa kushuka. Alishuka mara mbili kabla sijafungua mdomo. Tuliporudi kwenye lori, wa tano yule wa kuogopa kuachwa alikuwa analia kwa kucheka, lakini bila sauti, maana afande alikuwa hajasema tunaweza.

Tulimwita afande kwa utani, kisha utani ukachoka likabaki jina. Mama mukubwa hakugombana. Aliinua mikono mbele ya wote akasema, "Mutoto amepita mama, mupatie kiti," akampa uenyekiti na kukaa mstarini pamoja nasi. Na kweli tulipanda. Stoo tulipata, karibu na reli, siku ile ile afande alipoiona. Hakuna mkutano. Aliingia, akapiga ukuta kwa kiganja, akatoka akasema, "Hii." Lori tulipata la uhakika. Mwenye sabuni aliongeza pipa, akasema hajawahi kuona wanawake wanafika saa waliyosema. Nilikuwa napita mbele ya kile kikombe changu bila kukiangalia.

Wakati huo ndipo alipokuja kijana wa semina. Mradi fulani ulimtuma afundishe vikundi mambo ya uongozi, akaja na karatasi kubwa, kalamu za rangi, soda na chapati. Akatuchorea viongozi watatu. Wa kwanza ameshika fimbo. Wa pili amekaa na watu kwa duara. Wa tatu amelala. Akaeleza kila mmoja anavyojenga au kubomoa shirika, vizuri tu, kijana alikuwa na akili. Kisha akauliza, akitabasamu, "Sasa, akina mama, kiongozi wenu ni yupi kati ya hawa?"

Tukamgeukia afande.

"Jibuni," akasema afande.

"Wa duara," tukajibu kwa sauti moja.

Kijana akafurahi, akaandika.

Nilicheka siku hiyo, lakini kicheko hakikukaa. Kuna kitu kilianza kunisumbua, na mimi nikisumbuliwa natembea. Nilitembea stoo nzima, nikahesabu mapipa, nikarudia. Kimya tulichokipeleka sokoni kilikuwa kinarudi nasi nyumbani. Zamani kwenye lori, kutoka Bwera hadi tukipita Kinyamaseke, ungeshajua nani ana ugomvi na shemeji na mtoto wa nani hanywi dawa. Sasa kila mtu aliangalia barabara. Jambo likitokea, watu walimtazama afande kwanza, kama mtu anavyotazama saa.

Kisha pipa moja la mafuta stoo likapasuka chini yake, ufa mwembamba tu. Niliingia stoo nikakuta sakafu nyekundu hadi mlangoni, na alama za viatu vya karibu wote zikipita juu yake, zikienda na kurudi. Watu walikuwa wamekanyaga mafuta yetu wenyewe, wakaenda zao.

"Kwa nini nyinyi hapana sema?" afande akauliza.

"Tulingoja uulize," mmoja akajibu. Hakuwa anamkejeli. Ingekuwa afadhali angekuwa anamkejeli.

Jioni hiyo nilimfuata afande akifunga kufuli.

"Afande, watu siku hizi hawasemi kitu."

"Vizuri," akasema, akavuta kufuli kuona kama limeshika.

Nikaenda zangu. Ungemwambia nini? Bei ilikuwa nzuri, mteja alikuwa na furaha, na mimi ndiye niliyekuwa mdomo pekee ulioruhusiwa. Mwenye ugali hatoi hotuba juu ya njaa.

Asubuhi ya maji ilikuwa baridi kuliko kawaida. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mto wa mpaka, malori yamejipanga, mawakala wa forodha wakikimbia na karatasi zao. Papa alitupokea kwa kelele. Alikuwa anamuoza binti yake, na alitaka mimi na afande tusikie yote: mahari, mbuzi, padri aliyetaka kuhamisha tarehe, mkwe mwenye pikipiki mbovu. Alizungumza kwa sauti ya juu, karibu na nyuso zetu, akitushika mikono. Mimi nikimrudisha kwenye bei, yeye ananirudisha kwa mkwe. Nyuma yetu wabeba mizigo walikuwa wanatoa jerikeni kwenye banda, wanapita kando ya mstari wa wenzetu, wanapanda nazo kwenye lori.

Tukakubaliana. Bei ilikuwa nzuri kupita kiasi, na hapo kengele ingepaswa kulia kichwani mwangu, lakini nilidhani ni ufundi wangu. Nikapanda kwenye lori, nikahesabu jerikeni kwa macho. Nikahesabu kwa kidole. Zote zilikuwepo. Hesabu ilikuwa safi kabisa.

Mwenye sabuni alituita kabla hata hatujapanga safari nyingine. Tulikwenda mimi na afande. Hakutukaribisha kiti. Alichukua jerikeni moja, na kwa joto la Kasese mchana mafuta yalikuwa yameshayeyuka, akamimina taratibu kwenye beseni. Mawese yakaja, mekundu, mazuri. Yakaendelea kuja. Kisha yakabadilika rangi, na mwisho yakatoka maji, meupe, ya kuoshea uso.

"Nyabo," akaniambia, yaani mama, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi, "mimi niliagiza mafuta. Maji ninayo bombani."

Akatupeleka kwenye mbao za kukaushia. Miche ya sabuni ilikuwa imekaa kwenye mistari, na kila mche ulikuwa unatoka jasho. Ukiubonyeza, kidole kinaingia.

"Hii nimuuzie nani? Wateja wangu wataoga na nini, na huruma?"

"Tutarudisha," nikasema.

"Mtarudisha. Soko lijalo, jerikeni zilizojaa mafuta mpaka chini. Mkileta hii tena, mimi nina wauza mawese wa barabara ya Hima wananipigia simu kila siku. Siwachukii. Lakini sabuni yangu ina jina."

Tulirudi stoo kwa miguu. Niliona kikombe changu waziwazi, msumari, vumbi, na yule mteja anayeomba nyongeza. Afande alitembea mbele kwa hatua zake ndefu, mimi nikimkimbilia.

Wenzetu walikuwa wanangoja. Afande akasimama katikati.

"Nani alisikia?"

Akageuka, akawapitia mmoja mmoja.

"Nauliza. Ile siku nabeba jerikeni, nani alisikia maji?"

Walituangalia, mmoja baada ya mwingine, midomo imefungwa vizuri, kama tulivyowafundisha. Hata sasa. Nikashindwa kuvumilia.

"Afande, waambie wanaweza kusema."

Akanigeukia. Nadhani ndipo alipoona. Uso wake haukubadilika, lakini sauti ilishuka. "Semeni."

Mama mukubwa ndiye aliyejibu, kutoka kwenye gunia alilokalia.

"Siye bote tulisikia. Ilipita hapa karibu na sikio, chubwi, chubwi, kama mutoto anaoga."

"Wote?"

Vichwa vikainama kukubali. Mstari mzima. Sisi wawili tu tuliosimama mbele ndio hatukusikia.

"Sasa kwa nini nyinyi hapana sema?"

"Uliomba kimya," mama mukubwa akasema. "Tulikupatia. Yote."

Afande akavuta jerikeni tupu akaikalia. Sikuwahi kumwona ameketi mbele ya kikundi. Akafungua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakifunga tena.

"Kwa jeshi," akasema mwishowe, "mlinzi naambiwa kimya. Lakini akiona adui, hangoji ruhusa. Anapiga."

"Hukutuambia tuko balinzi, mama. Ulituambia tuko ukuta. Ukuta iko na masikio, lakini mudomo haina."

Mtu mmoja akacheka, akajikamata. Afande akamtazama, na wote tukangoja. "Cheka," akasema. "Neno imefika."

Kilichofuata hakikuwa hotuba. Hakuomba msamaha, sidhani Kiswahili chake kilikuwa na hilo neno. Aliinuka akaenda kusimama mbele ya mama mukubwa.

"Ile kelele yako ya zamani, bado iko?"

"Iko. Niliiweka tu."

"Soko ijayo toa."

Tukapakia jerikeni za maji, tukazirudisha Mpondwe. Hatukwenda asubuhi. Tulikwenda jua likiwa kali na soko limejaa, mafuta yameyeyuka, wanunuzi wengine wamesimama mbele ya banda la papa. Afande akabaki nyuma kabisa, mikono mgongoni. Mimi nikaanza kwa adabu, nikammiminia papa kidogo chini, mafuta, kisha maji.

"Mvua, mama," papa akasema bila kupepesa. "Ilinyesha njia nzima, kutoka kule mupaka hapa."

"Mvua ilifungua kifuniko, ikaingia, ikafunga tena?"

"Mvua ya Congo iko na akili."

Watu wakacheka, na yeye akanenepa kidogo kwa kicheko. Kama ningekuwa peke yangu angenishinda hapo, kwa utani. Ndipo mama mukubwa akakohoa.

Sijui nieleze vipi. Ilikuwa kama lango limefunguliwa zizi likiwa limejaa tangu mwaka jana. Walizungumza wote. Mmoja alieleza sabuni inayotoka jasho, mwingine akaonyesha kidole kilivyoingia, wa tatu akataka kujua kama binti anayeolewa atapikiwa harusi kwa mafuta haya haya. Wa tano akasema kwamba leo hana haraka na lori lolote, atalala hapa. Mama mukubwa alikuwa amehamia lugha ya kwao, inayofanana sana na ya mlimani kwetu, kwa hiyo soko lote lilifuata: alikuwa anauliza parokia ya papa, jina la katekista wake, na kama komunyo anapokea na mikono ile ile.

Lakini kilichomvunja si maneno. Mnunuzi mmoja aliyekuwa hana habari nasi aliinua jerikeni aliyokuwa ameshaichagua, akaiweka sikioni, akaitikisa. Mwenzake naye akainua yake. Jua lilikuwa limeshayeyusha kila kitu, hata mafuta safi yangelia saa hiyo, na papa alijua hawezi kumweleza mtu yeyote jambo hilo kwa wakati huo. Banda lake zima likaanza kutikiswa.

"Mama," akaninong'oneza, akinishika kiwiko, "nyamazisha batu yako."

"Siwezi, papa. Sisi ni kikundi cha duara."

Hakujua nilichomaanisha, lakini nyuma nilisikia mtu anacheka kwa sauti nzito, na aliyecheka alikuwa afande.

Papa alibadilisha jerikeni zote. Safari hii hatukutikisa tu. Kila moja ilifunguliwa, ikapitishwa spoku ya baiskeli hadi chini kutafuta maji, ikanuswa, ikajadiliwa. Tulichukua muda mrefu kuliko mkutano wa stoo, au nilihisi hivyo. Nilikuwa natembea kwenda na kurudi kando ya lori nikiuma kucha. Nikahesabu kwa macho, nikahesabu kwa kidole, kisha nikauliza, "Kuna mtu ameona kitu?" Walikuwa wameona vitu vingi. Viwili vilikuwa vya maana.

Mwenye sabuni alimimina jerikeni ya kwanza mpaka tone la mwisho, kisha akaokota nyingine katikati ya rundo, si ya mbele, akamimina hiyo pia. Ningefanya vivyo hivyo.

"Sawa," akasema. "Lakini kila safari namimina mbili. Na ninachagua mimi."

"Chagua hata tatu, nyabo," nikamwambia.

Afande alibadilisha amri siku hiyo hiyo, kwa maneno yasiyojaza kiganja: bei ni ya mdomo mmoja, mali ni ya masikio yote. Anayesikia kitu anasema hapo hapo, hata kama mimi niko katikati ya neno. Ilichukua muda. Watu waliozoea kufungwa mdomo hawafungui siku moja. Mwanzoni walinyoosha kidole kama darasani. Yeye naye alikuwa anajifunza kutokunja uso, na uso ule haukuwa umeumbwa kwa mafunzo hayo.

Kisha mume wake akahamishwa. Kambini mambo huwa hivyo, karatasi inasomwa na familia inafunga magodoro. Walikuwa wanakwenda mbali, upande wa Karamoja. Alikuja soko la mwisho, na badala ya kusimama begani kwangu akaenda nyuma, akajipanga mstarini kati ya mama mukubwa na wa tano.

"Leo mimi ni sikio," akasema.

Nikaanza na papa, ambaye tangu yale mambo alikuwa amekuwa mtu wa adabu na bei ya uchungu. Wabeba mizigo wakapita. Tulikuwa karibu kukubaliana. Alikuwa ameshavua kofia. Nikasikia sauti ile ya kambi nyuma yangu, si ya juu sana.

"Hiyo inalia."

Kila kitu kikasimama. Mbeba mizigo akashusha jerikeni. Papa akavaa kofia yake tena, na bei ikapanda naye. Tukafungua, tukapitisha spoku. Hakukuwa na maji. Jerikeni ilikuwa imewekwa karibu na jiko la mama wa chai, mafuta yakayeyuka upande mmoja. Basi.

Papa akacheka. "Afande, masikio imezeeka."

Niligeuka. Afande alikuwa amesimama wima kama kawaida, lakini macho yake yalikuwa chini. Na wengine wote, mstari mzima, hawakuwa wanamtazama yeye. Walikuwa wananitazama mimi. Nilikuwa nimepoteza bei nzuri, nilikuwa na hasira, na ulimi wangu una makali kuliko inavyofaa. Nikaona kwamba chochote nitakachomwambia mwanamke yule, ndicho watakachokisikia kila jerikeni itakapopita masikioni mwao, mwaka mzima.

"Wasingya, afande," nikasema. Ahsante. "Iwekwe kando, tuiangalie tena ikiganda. Papa, tulikuwa wapi?"

Tulianza upya. Nilipata bei mbaya kidogo kuliko ile. Kwenye lori, kabla hatujafika Bwera, wa tano alikuwa ameshaanza kueleza ugonjwa wa shemeji yake.

Sasa mwenyekiti ni mimi. Sikugombea, walinitazama tu, kama mtu anavyotazama saa, na nikawaambia wasinitazame hivyo. Mwenye sabuni bado anachukua yote, bado anamimina mbili, anachagua yeye. Kikombe kiko kwenye msumari wake. Ziko asubuhi, ukungu haujainuka, dereva anapiga honi, na wao wanabishana juu ya kifuniko, kifuniko tu, mmoja anasema kimelegea, mwingine anasema ndivyo kilivyozaliwa, na papa anavua kofia na kuivaa akifurahia muda wangu unavyokwisha. Ile amri inapanda yenyewe hadi kwenye meno. Fungeni mdomo. Tamu kabisa, iko tayari. Naizungusha mdomoni. Halafu jerikeni inapita, na najikuta nimeinamisha kichwa upande, kama wao, nasikiliza.